Rasi ya Pale Bwawani

"Hapana, Baba, si lazima mtu aone bahari kwa macho ndio ajue rasi ni nini. Wewe Nairobi umefika lini? Na kila siku unatuambia vile watu wa Nairobi wanakaa vibaya."

Nilisema hivyo nikiwa nimesimama, kwa sababu wakati huo niliamini kwamba mtu akisimama anasema ukweli zaidi. Baba alikuwa ameketi kwa kiti chake cha miguu mitatu. Juu ya magoti yake kulikuwa na ramani ya shamba, ile ya sosaiti, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Swali lake lilikuwa dogo tu. Alikuwa ameuliza, "Na bahari wewe umeiona wapi?" Swali la haki. Sikuwa nimeiona. Mbali kabisa nilikuwa nimefika Nakuru, na hata hapo basi halikukaa.

"Sawa," Baba akasema. "Mimi sikatai. Nauliza tu hiyo maji itakula shamba yangu namna gani."

Ilikuwa Agosti, nimekuja likizo, mwaka wangu wa mwisho wa sekondari. Mzungu wa shamba letu, nje kidogo ya Eldoret, alikuwa ameuza na kwenda zake, na watu wakajiunga kuwa chama, ile sosaiti, wakanunua: wenyeji kama sisi, na wengine waliotoka upande wa Central. Nasema shamba letu kwa sababu Baba alikuwa mtu wa ng'ombe hapo tangu sijazaliwa. Sasa alikuwa mwanachama. Mabadiliko aliyoyaona mpaka hapo ni kwamba alikuwa akiamka saa ile ile, kukamua ng'ombe wachache kuliko zamani.

Ploti ziligawanywa kwa kura. Kila mwanachama aliingiza mkono kwa kofia ya zamani ya mzungu, ile aliacha imetundikwa kwa ukuta wa chumba cha kukamulia, akatoa kizibo cha soda kilichokwaruzwa namba na msumari. Baba alitoa namba ya mwisho kwa ramani. Nilipoiangalia nilishtuka. Ilikuwa pembeni kabisa, imeingia ndani ya bwawa kama ulimi: maji kushoto, maji kulia, maji mbele, na nchi kavu imeishika kwa shingo nyembamba tu.

"Hii si ploti," nikasema. "Hii ni rasi."

Hapo ndipo mabishano yalipoanza.

Lazima nieleze vile hiyo rasi ilinifikia. Shuleni tulikuwa na Madam wa jiografia aliyetoka ng'ambo kutufundisha kwa miaka miwili. Ramani za Kenya zilikuwa zimeagizwa na hazikuwa zimefika, kwa hivyo Madam alitundika ukutani ramani moja aliyokuja nayo kwa sanduku lake. Ilikuwa ya mwisho wa kisiwa fulani cha kwao, pembe ya mwisho kabisa, mahali nchi inaisha na hakuna kingine tena isipokuwa maji mpaka bara lingine. Alituambia, "Mkijua rasi hii, mtajua rasi zote." Sisi tukamwamini, maana hatukuwa na rasi nyingine ya kulinganisha.

Niliijua hiyo rasi kuliko nilivyojua soko la Eldoret. Barabara ilikuwa moja, ikienda mpaka kwa mnara wa taa, halafu ikaishia hapo kama imesahau ilichokuja kufanya. Nyumba zilikuwa kumi na moja. Kulikuwa na kanisa lisilo na paa. Miti haikuwepo kabisa, kwa sababu upepo wa magharibi haukubali mti usimame, na kama swali likisema "Eleza kwa nini hakuna miti," unaandika upepo, chumvi, udongo mwembamba, na unapata alama tatu. Upande wa bahari kuu kulikuwa na jabali lililosimama wima, na upande wa pili nchi iliteremka polepole, kondoo wakila majani. Kwa lile jabali kulikuwa na pango. Mawimbi yangelipiga pango mpaka liwe mlango, mlango ungeporomoka ukaacha nguzo imesimama peke yake majini, nguzo nayo ingeanguka ikabaki kisiki. Pango, mlango, nguzo, kisiki. Niliyaimba nikifua nguo.

Na juu ya hayo yote kulikuwa na sentensi moja ambayo nilipigia mistari miwili myekundu kwa daftari: sehemu iliyotokeza ndiyo hupigwa kwanza.

Kwa mtihani wa majaribio nilishinda darasa lote. Nilishinda hata msichana mmoja aliyetoka Pwani, aliyezaliwa akisikia mawimbi dirishani. Yeye aliulizwa umuhimu wa rasi, akaandika ati ni mahali pazuri pa kununua samaki asubuhi kabla jua halijawa kali. Madam akamwekea sifuri. Mimi nilimhurumia. Nilimwambia ajitahidi kusoma.

Kitu ambacho sikujua wakati huo ni mto unaopita nyuma ya nyumba yetu ulikotoka. Baadaye ndio nilijua unatoka msitu wa Kaptagat. Niliambiwa na mtu wa ng'ombe. Mtu wa ng'ombe alikuwa Baba.

Sasa turudi kwa mabishano.

"Angalia hapa," nikamwambia, kidole juu ya ramani. "Maji iko pande tatu. Mawimbi inapiga hapa, inapiga hapa, na hapa mbele inapiga zaidi. Udongo inaanguka kidogo kidogo. Mwishowe unabaki na kisiki."

"Kisiki ya mti gani?"

"Si ya mti, Baba. Ya nchi."

Mama alikuwa kando akisugua kibuyu cha maziwa kwa kijiti cha moto. Aliinua kichwa. "Sasa nchi imekuwa na kisiki," akasema. "Na wewe unasema sehemu iliyotokeza ndio inapigwa kwanza?"

"Ndio, Mama. Hiyo ni sheria."

"Basi chunga. Hapa nyumbani iliyotokeza ni wewe."

Baba hakucheka. Aliikunja ramani, akaikunjua tena. "Hapo kwa ulimi," akasema, "ndipo ng'ombe za mzungu zilikuwa zinalala saa sita, zikishakunywa maji. Miaka yote. Mimi ndiye nilikuwa nazipeleka. Hiyo mahali ina mavi mpaka ukichimba—"

"Mavi si jiografia, Baba."

Nilisema hivyo. Niliiandika kwa diary yangu jioni ile ile, kwa furaha, kama mtu aliyeshinda kesi. Sentensi iko pale hadi leo na siwezi kuikana.

Baba alipitisha kidole kwa mikunjo ya ramani. Alikuwa ameuza mitamba, mmoja baada ya mwingine, nikasoma. Nilidhani anafikiria udongo. Kumbe alikuwa anafikiria mitamba.

"Nimekusomesha miaka minne nisikie nini?" akasema mwishowe. "Nisikie kitu nilikuwa najua tayari? Mtu hanunui dawa halafu aiweke dirishani aiangalie." Akasimama. "Tutabadilisha."

Na hivyo ndivyo mtu aliyechunga ng'ombe kwa ardhi ile maisha yake yote alivyokubali kufundishwa na msichana aliyechunga ramani ya ng'ambo.

Kubadilisha kulikuwa na sheria yake. Kabla savea wa serikali hajaja kupima na kupigilia bikoni, vile vyuma vya mpaka, mwanachama aliweza kubadilisha ploti na mwenzake, mradi wote wawili wasimame mbele ya mkutano na kila mmoja aweke kizibo chake kwa kiganja cha mwingine. Bikoni ikishaingia ardhini, imekwisha.

Mtu aliyekuwa na ploti ya juu, kando ya barabara, alikuwa Mama Duka. Alikuwa mjane wa makamo aliyetoka Central na watoto wake, akafungua duka la sukari na mafuta ya taa karibu na geti ya shamba. Kila mtu alimwita Mama Duka. Hata karani wa sosaiti alimwandika hivyo kwa kitabu, mpaka yeye mwenyewe akaenda kulalamika. Mimi niliipenda ploti yake kwa sababu ilikuwa na kile Madam aliita mawasiliano. Barabara ilipita hapo hapo. Rasi ya ng'ambo barabara iliishia. Yetu ingeendelea mpaka mjini.

Mama Duka hakukubali kabla hajaona. Alikuja siku ya pili, na Baba na mimi tukampeleka. Tulikuwa sisi watatu tu. Alivua viatu vyake vya plastiki penye ile shingo, akatembea miguu mitupu mpaka ncha. Bwawa lilikuwa limejaa, maji yamekuja mpaka kwa majani. Akachuchumaa, akaingiza kidole ardhini mpaka kikazama chote, akakitoa, akakinusa, akakipangusa kwa leso.

"Ni wewe umesema maji itaikula hii?" akaniuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Kwa muda gani?"

Swali hilo sikuwa nimelitegemea. Kwa kitabu ilikuwa maelfu ya miaka. "Polepole," nikasema.

"Itanikuta?"

"Labda hapana, Mama. Labda itawakuta watoto wa watoto wako."

"Hao wataenda shule," akasema, "wasome vile watahama." Halafu akamgeukia Baba, na hapa hakucheka. "Mzee, mimi nakuambia mapema. Hii udongo ni mzuri. Kule juu kwangu ni mawe, nimepiga jembe nikaona. Usije kesho ukasema Mama Duka hakuniambia."

Baba aliniangalia. Mimi nikaangalia maji, kama mtu anayepima mawimbi.

"Msomi amesema," Baba akajibu.

Jumamosi yake wakabadilishana vizibo ndani ya chumba cha kukamulia, watu wakapiga makofi, nami nikarudi shule kufanya mtihani. Swali la rasi lilikuja. Niliandika kurasa mbili na nusu.

Niliporudi nyumbani mwisho wa Novemba, Baba alikuwa amelima kipande cha ploti mpya. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta, mdomo wake umepinda. Mama ndiye alinipeleka kuona. Juu kulikuwa na udongo wa kutosha kuchafua kiatu, na chini yake murram, nyekundu, ngumu, ile ile ya kutengeneza barabara. Barabara ilikuwa imetupitia karibu kabisa. Ilikuwa imepita mpaka chini ya shamba letu.

"Mawasiliano," Mama akasema. Sijui alilitoa wapi hilo neno. Lazima nilikuwa nalisema sana.

Halafu Desemba ikaisha, Januari ikaingia, jua likashika. Kwa wale hawajui, jua la Uasin Gishu mwezi huo halichomi kama la kwingine. Lina upepo wa baridi, linakukausha ukifikiri linakupuliza. Majani yakawa ya kahawia. Na bwawa likaanza kurudi nyuma.

Mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kuelewa, ingawa ndiye pekee niliyekuwa na cheti cha jiografia njiani. Kwa ramani ya sosaiti, mpaka wa ile ploti pande tatu haukuwa mstari. Uliandikwa tu kwamba unafika penye maji. Na maji yalikuwa yanaenda. Wiki hii yameenda hatua tano, wiki ijayo nane. Yalikoondoka palibaki tope jeusi, laini, linalong'aa, na Mama Duka alilifuata nyuma kama mtu anayekunja mkeka upande wa pili. Akapanda kabichi. Akapanda vitunguu. Penye tope bichi zaidi akapanda nduma. Kwenye ile shingo, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, alipanda safu ya maua fulani yenye mizizi kama kitunguu, ambayo watu wa kwao hupanda kwa mpaka, na ambayo mtu mwenye adabu hang'oi.

Ploti zote za shamba zilikuwa saizi ile zilipewa. Yetu hata ilionekana kupungua, vile mawe yalikuwa yanatokeza. Ya Mama Duka ndiyo ilikuwa inaota. Katika vitabu vyote nilivyosoma, rasi hupoteza. Hii ilikuwa inaongezeka mbele ya macho yangu, ikiwa na kabichi juu yake.

Na mawimbi? Nilikaa pale ukingoni alasiri nzima nikiyangoja. Wimbi kubwa zaidi nililoona lililetwa na bata.

Watu hawakuacha hiyo ipite. Baba akienda kupeleka maziwa, walimwita Mzee wa Rasi. "Mzee wa Rasi, maji imekula ngapi leo?" "Mzee, tuuzie kisiki moja!" Yeye alijibu salamu, akapima maziwa yake, akarudi. Mimi nilikuwa napitia njia ya nyuma. Mama alikuwa anapita katikati ya rasi yenyewe, kwa sababu kisima chetu kilikauka, ule mto wa nyuma nao ukakauka, na njia fupi ya maji ilikuwa hiyo: debe mbili asubuhi, debe mbili jioni, kupanda kilima chote mpaka kwa mawasiliano yetu.

Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa siku mwenyekiti wa sosaiti alipokuja kwetu na karani wake, mchana, mwezi wa pili, nikiwa uani napukuchua mahindi.

Walipewa chai. Mwenyekiti aliinywa yote kabla ya kuongea, na hiyo kwake ilikuwa dalili ya jambo kubwa.

"Mzee," akamwambia Baba, "savea anakuja kesho asubuhi. Ataanzia pale bwawani. Akipiga bikoni, hakuna kurudi. Sasa kamati imekaa, imeona wewe ulionewa."

"Nilionewa na nani?"

"Huyo mama wa duka. Mtu wa biashara huyo. Aliona udongo, akanyamaza, akakupatia mawe. Na wewe ni mtu wa hapa, mtu wa heshima. Hatuwezi kukubali." Akatoa karatasi ndefu yenye mistari, akanipa mimi, si Baba. "Binti, wewe ni msomi. Huyu karani wangu Kizungu chake ni cha kuandikia dawa ya kupe. Andika barua kwa ofisi ya ardhi. Sema mama huyo alimficha mzee ukweli. Baba yako aweke kidole, mimi naweka sahihi, na kesho savea anapewa kabla hajatoa nyundo. Ploti inarudi kwenu."

"Na ikirudi?" Mama akauliza kutoka mlangoni.

"Ikirudi, si mzee ataacha tu njia kidogo pale katikati, ng'ombe za watu zipate kunywa maji."

"Ng'ombe za watu gani?"

"Za watu," mwenyekiti akasema.

Sisi wote tulijua ni nani kati ya watu alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wote. Karani aliangalia kikombe chake.

Wakiwa wameshainuka, mwenyekiti alinigeukia tena, kwa upole kabisa. "Tunafungua shule pale kwa chumba cha kukamulia. Tunatafuta mwalimu wa kuanzia. Mtu anayeandika vizuri."

Nilibaki nimeshika karatasi. Sitadanganya: nilifurahi. Kwa dakika kadhaa nilifurahi kweli kweli. Niliona Baba akirudi kwa ardhi yake ya mavi, Mama akichota maji mlangoni, hakuna tena Mzee wa Rasi, na mimi nimesimama mbele ya darasa na chaki. Barua moja tu. Na kwa Kizungu, ambacho Mama Duka hangeweza kusoma. Niliingia ndani, nikaketi, nikaandika anwani yetu juu kulia, vile tulifundishwa, nikapiga mstari. Halafu ikafika mahali pa kusema alimficha ukweli.

Nikatoka. Baba alikuwa anakaza kamba ya ndama.

"Baba. Mama Duka alikuambia kuhusu udongo ama hakukuambia?"

"Aliniambia. Si wewe ulikuwa hapo?"

"Basi mbona hukumwambia mwenyekiti?"

Alikaza fundo, akalijaribu. "Nikisema aliniambia, wataniuliza, na kwa nini ukabadilisha? Nitasema nini? Niseme binti yangu alinikataza? Wewe ndio unangoja matokeo yako, unatafuta kazi. Wacha wanicheke mimi. Mimi nimezoea, ng'ombe pia hunicheka."

"Kwa hivyo utaweka kidole kwa barua?"

"Nilifuata msomi wakati ule," akasema. "Sasa siwezi kumwacha njiani. Ukiandika, nitaweka. Usipoandika, hakuna kitu cha kuweka."

Sijawahi kukasirika na mtu kama nilivyokasirika na Baba wakati huo. Nilitaka anikataze. Nilitaka aseme mavi ni jiografia. Alikuwa amenirudishia ile kazi yote ya kujua, na sasa ilikuwa nzito.

Nilirudi ndani nikachukua daftari la jiografia, sijui kwa nini. Nafikiri nilitaka angalau lile liwe upande wangu. Nikafungua penye mistari miwili myekundu. Sehemu iliyotokeza ndiyo hupigwa kwanza. Nikageuza ukurasa, na nyuma yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, bila mstari wowote chini yake, nikasoma: rasi hutokea mahali mwamba ni mgumu, sehemu laini ililiwa zamani, kile kilichobaki kimetokeza kwa sababu kilikataa.

Yaani hata kwa kitabu nilikuwa nimekosea. Nilikuwa nimempa Baba ukurasa mmoja wa mbele. Ningekuwa nimegeuza tu, tungekuwa tunakula kabichi.

Mama aliingia na debe zake mbili tupu, amefunga kata ya nguo kichwani. "Kama unaandika, andika upesi," akasema. "Maji imeisha, na nataka unisaidie na uji."

"Mama, wewe ungependa turudishiwe?"

"Nani hapendi maji mlangoni?" Aliziweka debe chini, akanyoosha mgongo wake kwa mikono miwili. "Lakini nikikuambia ukweli, debe ya kwanza naweza kuinua mwenyewe. Ya pili ndio shida. Pale bwawani yule mama huacha jembe lake, anakuja kuniinulia. Kila siku, asubuhi na jioni, na hatujui hata lugha ya kila mmoja vizuri. Sasa wewe mwandike aondoke. Ng'ombe za mwenyekiti ndio zitakuwa zinaniinulia?"

Akachukua debe zake akaenda. Nilisimama mlangoni nikamwangalia akiteremka, mpaka akafika kwa ile safu ya maua. Hakuikanyaga. Aliinua kanga kidogo, akairuka, kama mtu anaruka kizingiti cha nyumba ya mtu.

Nilikaa na ile karatasi mpaka ng'ombe zikarudi. Sikuandika neno lingine. Anwani yetu ilikuwa hapo juu kulia, nzuri, imenyooka, na chini yake nyeupe tupu.

Kisha nikafungua diary na kuandika vile nitafanya, ili nisije nikajidanganya asubuhi. Niliandika kwamba nitaamka kabla ya Mama na kuchukua debe zote mbili mimi, kwa njia ya mbele, sio ya nyuma. Nitafika kwa ile shingo na kusimama upande wetu wa maua, nisiyavuke, mpaka savea aje na nyundo yake, na mwenyekiti, na karani, na wote wanaocheka. Nitamrudishia mwenyekiti karatasi yake vile ilivyo. Nitasema kwa Kiswahili, Mama Duka mwenyewe asikie, kwamba alimwambia Baba ukweli na mimi nilikuwepo. Kwamba aliyemkataza Baba kukaa hapa ni mimi, kwa sababu nilisoma ukurasa mmoja. Nilijua shule ya chumba cha kukamulia itapata mwalimu mwingine. Nitasema hivyo hivyo, bikoni ipigwe, halafu nichote maji, nijaribu kuinua debe ya pili peke yangu, na ikinishinda, nimwombe Mama Duka.